Neti ya kivuli kwa ajili ya mvua, Mtwara: mchicha umepona, nyanya usiniulize

Nianze na jibu kabisa maana najua watu hatusomi mpaka mwisho. Hii neti ya kijani inayouzwa kwenye maduka ya pembejeo hapa Mtwara mjini, kama unataka kuwekea mchicha, chainizi na miche midogo ya kitaluni, nunua, hela yako haipotei. Kama unataka kuokoa nyanya kwenye hii mvua yetu ya Januari na Februari na unategemea neti peke yake, hiyo hela kanunue samaki ule na watoto, utakuwa umefanya la maana zaidi.

Mi nakaa Chuno, uani nimepiga matuta ya mboga, nalima za kula nyumbani na zikizidi zinakwenda kwa mama wa genge pale barabarani ananipa hela ya sabuni. Ardhi ya huku mjini mnaijua, mchanga mtupu, siyo kama wenzetu wa kule juu Newala na Tandahimba wenye udongo mwekundu. Na mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Novemba mwishoni au Desemba inakwenda mpaka Aprili, hatuna mambo ya vuli na masika kama watu wa Dar na Tanga, kwa hiyo ule ushauri unaouona kwenye simu wa kupanda vuli uvune kabla ya masika huku haukusaidii kitu, huku ikianza imeanza, na ikitokea baharini na upepo wake haipigi hodi.

Ikinyesha ya namna hiyo mboga inapata tabu ambayo mtu asiyelima anaona kama unatia chumvi, utasikia "si ndo mvua mnayoililia nyie". Mvua tunaitaka ndiyo, shida ni lile tone. Tone kubwa likimpata mchicha mchanga unalala chini, shina limekunjika, asubuhi unaukuta umegandamana na mchanga hausimami tena. Likipiga ardhini linarusha mchanga mpaka juu ya majani, na huo mchanga haupandi peke yake, unapanda na vimelea vya ukungu vilivyokuwa vimejilalia chini, ndo maana nyanya ikianza kuumwa baada ya mvua utaona inaanzia majani ya chini kabisa yaliyo karibu na ardhi, madoa ya kahawia yenye duara ndani ya duara, hiyo ni bakajani, halafu inapanda taratibu mpaka mti mzima unabaki vijiti vinavyoning'inia matunda yaliyobabuka na jua. Na hata kama hakuna ugonjwa, mchicha wenye mchanga mnaujua wenyewe, unaosha maji matatu na ukila bado meno yanasaga.

Haya, duka. Silitaji jina, ni mojawapo ya yale ya upande wa sokoni. Duka la pembejeo la Mtwara ukiingia tu unajua umeingia mkoa wa korosho, mifuko ya salfa imepangwa mpaka karibu na dari, mashine za kupulizia zile za injini za kubeba mgongoni zimejaa, dawa za maji za mikorosho zimechukua rafu nzima, mtu wa bustani anatafutiwa vitu vyake chini ya kaunta. Siwalaumu, korosho ndo inayotusomeshea watoto huku, ila ujue ukiuliza habari ya mboga unajibiwa kikorosho korosho.

Nikamwambia kijana wa kaunta nataka neti ya bustani, ya kuzuia mvua. Akasema "ipo dada, hii hapa, hii haipitishi maji kabisa". Nikaishika nikaiinua kwenye mwanga, matundu hayo hapo nayaona kwa macho. Alikuwa na chupa ya maji pale kaunta, nikamwomba nikakunja kipande cha neti nikakiweka juu ya kiganja changu nikamimina. Maji yakapita yote, hakuna lililobaki juu, ila yalipita yamekatikakatika, yamekuwa manyunyu, na kiganja hakikusikia lile pigo la maji yanayodondoka. Kijana akacheka, "sasa dada nilimaanisha haipitishi ile mvua kubwa".

Na ukweli hapo ndo penyewe, alikuwa anasema uongo na kweli kwa wakati mmoja bila kujua. Neti hii haizuii maji, hata nusu haizuii, inachofanya inalivunja lile tone kubwa njiani linashuka vipande vidogo visivyo na nguvu. Kiasi cha maji kinachofika tutani ni kilekile. Mtu akikuuzia kwa maneno ya "haipitishi maji" ukaenda ukaiweka ukakaa ndani kwa raha zako, asubuhi utakuta tuta limejaa maji na utasema neti feki. Siyo feki, umeuziwa maneno.

Kilichonikera zaidi ni asilimia. Neti za kivuli zinauzwa kwa asilimia, yani inazuia jua kiasi gani, kuna za thelathini na tano, za hamsini, za sabini na tano na kuendelea. Nikauliza hii ni asilimia ngapi, akasema "hii ya kawaida". Lebo ya rola imechanika imebaki kipande chenye picha ya jani. Nikauliza tena, akamwita mwenzie aliyekuwa stoo, mwenzie akasema sabini na tano, wa kwanza akasema hapana ni hamsini, wakaanza kubishana mbele ya mteja. Hii kitu siyo ya kubahatisha jamani. Mchicha unapenda jua, siku za mvua jua lenyewe la kudokoa, ukiuwekea neti nzito ya sabini na tano unakua mrefu mwembamba kama umefungiwa chumbani, shina la maji, ukiupika unaishia sufuriani. Kwa mboga za majani kipindi cha mvua hamsini inatosha sana, hata ya chini ya hapo. Hizo nzito ni za kitalu cha miche siku za mwanzo, au za kukaa watu chini wakanywa kahawa.

Kulikuwa na rola mbili, moja giza kabisa nyingine inaonekana nyepesi, nikazikunjua zote mbili nje ya duka juani nikatazama kivuli chake chini, ile ambayo bado naona vizuri kivuli changu mwenyewe ndani ya kivuli chake nikaichukua hiyo. Siyo kipimo cha maabara lakini kwa duka ambalo lebo imechanika utafanyaje.

Jambo lingine wakati umeiangalia kwa karibu, tazama imetengenezwaje. Kuna ya kufumwa na kuna ya kusukwa. Ya kufumwa ukiikata na mkasi ukingo unatulia vilevile, hauachii. Ya kusukwa ile nyuzi zimepita juu na chini, ukiikata tu nyuzi zinaanza kuchomoka moja moja, upepo ukimaliza wiki mbili unabaki na mikia inayopepea. Pale walikuwa nazo zote, na bei sawa, na muuzaji hana habari kama zina tofauti. Chukua ya kufumwa.

Bei, hii yangu upana wa mita nne niliuziwa elfu sita kwa mita, na hapa nawapa sifa yao, wanakata. Duka jingine nililopita kabla walitaka nibebe rola zima la mita hamsini, sasa mi rola zima nalipeleka wapi, nifunike mtaa? Kwa watu wa bustani za uani kuuziwa kwa mita ni jambo kubwa sana na sidhani kama wenye maduka wanalijua hilo. Ila wanapima na lile rula la mbao la siku nyingi ambalo ncha zimelika, nenda na tepu yako, usione aibu.

Kufunga ndo kazi yenyewe na ndo sehemu ambayo watu wengi neti inawashinda halafu wanalaumu neti. Nguzo nilitumia za mvinje, zipo za kutosha huku, upande mmoja zimesimama juu kunizidi na upande wa pili zinanifika kifuani, ili neti ilale. Usiifunge bapa. Neti ni kweli inapitisha maji, lakini mvua ikiwa nzito na neti imelegea katikati, maji yanakusanyika kwenye lile tumbo halafu yanamwagika sehemu moja kwa mkupuo, na hapo chini yake unapata shimo, mboga zimeng'olewa na mizizi. Jirani yangu mmoja mzee mstaafu alifunga yake bapa imelegea vizuri kabisa kwenye kuta mbili za nyumba, nikamwambia "shikamoo mzee, hiyo mbona itakufanyia visa", akasema mwanangu acha, kivuli ni kivuli. Baada ya mvua akaja mwenyewe kuomba nguzo moja ya kuinulia katikati.

Ukingo wa neti ukunje mara mbili kabla hujapitisha kamba, na upitishe ule waya laini wa mafundi wa kufungia nondo au kamba ya manila, usipigilie misumari moja kwa moja kwenye neti maana inachanika pale pale penye msumari. Na pembeni acha wazi, usizungushie mpaka chini, hewa ipite. Hii ya hewa nitairudia kwenye nyanya.

Ikaja mvua sasa. Ile iliyonyesha usiku kucha na radi juu, mnaikumbuka mliokuwepo. Asubuhi nimetoka na kandambili mkononi maana uani hapakanyagiki. Matuta ya nje ya neti mchicha wote umelala umeelekea upande mmoja, majani yamepakwa mchanga mpaka upande wa chini, miche ya bamia iliyokuwa na majani mawili haionekani kabisa imefukiwa. Ndani ya neti mchicha umesimama. Siyo wote, pembeni kule mvua ilikoingilia kwa ubavu na upepo umelala kama mita moja kuingia ndani, lakini wa katikati umesimama na majani ni masafi, nilichuma nikaosha maji mamoja. Mama mkwe alikuwepo, yeye ni mtu wa makuti na alikuwa amenicheka toka mwanzo kwamba nanunua kivuli dukani wakati minazi imejaa, akauangalia ule mchicha akasema "mh", na ye akisema mh ujue amekubali.

Makuti nayo niyasemee kwa haki. Ni bei rahisi, yanapatikana, na kwa kitalu cha miche yamefanya kazi miaka yote kabla hii neti haijafika. Shida yake kwenye mvua kubwa ni kwamba maji yanatiririka kwenye jani yanakusanyika nchani halafu yanadondoka tone kubwa kuliko hata la mvua yenyewe, tena sehemu ileile muda wote, ndo maana chini ya banda la makuti unakuta vishimo vimejipanga mstari. Na giza lake huwezi kulipunguza. Turubai ndo kabisa, linazuia maji kweli lakini jua likitoka chini yake panachemka, na maji yote ya juu unayamwagia tuta la pembeni.

Sasa mabaya yake. Neti inashughulika na kinachotoka juu tu, ya chini haijui. Siku ya tatu ya mvua mfululizo mboga za ndani ya neti nazo zilianza kuwa njano, na hapa kuna mambo mawili watu wanayachanganya. Moja ni maji yamesimama, mizizi inakosa hewa inaoza, dawa yake ni tuta kuinuliwa, sentimita ishirini mpaka thelathini juu ya njia, na mfereji wa kutoa maji nje kabisa ya uwanja siyo kuyazungusha humohumo. Na jamani angalieni maji ya paa. Nyumba nyingi za huku bati halina gata, mtu anapiga tuta chini ya michirizi ya bati kwa sababu ndo penye nafasi, halafu anakwenda kununua neti. Maji ya mgongo mzima wa bati yanayodondoka mstari mmoja hakuna neti ya dunia hii itakayoyavunja, sogeza tuta.

Jambo la pili ni mbolea kuoshwa. Mchanga wetu haushiki kitu, mvua kubwa ikipita naitrojeni yote inashuka chini mizizi isikofika, majani ya chini yanaanza kuwa njano kwa usawa bila madoa, mtu anakimbilia dukani anasema mboga zinaumwa na duka linamuuzia dawa ya ukungu. Haziumwi, zina njaa. Samadi iliyooza vizuri ndo inasaidia mchanga kushika, na ukiweka yuria weka kidogokidogo mvua ikitulia, siyo kumwaga kisado kizima siku ambayo wingu limejikunja, unailisha bahari tu.

Pilipili zangu ndo zilinitisha. Mti mmoja mchana umenyauka majani yakiwa bado ya kijani kabisa, jioni ukajinyanyua, kesho yake ukanyauka moja kwa moja. Nikaung'oa nikakata shina karibu na mzizi, nikakata kipande nikakining'iniza kwenye glasi ya maji safi, kiguse maji tu bila kukitikisa. Baada ya dakika chache ukaanza kushuka uzi mweupe mwembamba ndani ya maji, unajipinda unashuka polepole mpaka maji yakawa na ukungu wa maziwa. Hiyo ni mnyauko bakteria na ukishaiona usipoteze hela ya dawa, hakuna ya kupulizia inayoiponya, ng'oa, toa nje ya bustani, na pale usirudishie pilipili wala nyanya wala biringanya wala nyanya chungu maana wote hao ni ukoo mmoja na wanaumwa ugonjwa mmoja, weka mahindi au mboga nyingine. Mvua inahusika kwa sababu maji yanayotiririka kutoka tuta moja kwenda jingine ndo yanayoubeba. Neti hapo haina kosa na haina msaada.

Nyanya. Nyanya chini ya neti kipindi cha mvua ni mtihani, maana tone limevunjwa sawa, lakini jani linalowa vilevile na kwa sababu ya kivuli linachelewa kukauka, na ukungu unachotaka ni jani bichi lenye maji muda mrefu. Yani unaondoa tatizo moja unakaribisha lingine. Za kwangu chini ya neti zilishikwa na bakajani kama za nje tu, afadhali yake ilikuwa matunda hayakuchafuka na mchanga. Kupasuka yakapasuka, maana ule mpasuko unatokana na mti kunywa maji mengi ghafla baada ya kiu, unatoka kwenye mizizi, siyo kwenye tone. Kwa nyanya za mvua unataka paa la nailoni ile ya kitalu nyumba, inayopitisha mwanga na kuzuia maji kabisa, pembeni wazi, na hiyo bei yake siyo ya mtu wa matuta manne. Kinachosaidia bila gharama ni matandazo, tandika majani makavu ya mkorosho au pumba za mpunga chini ya mti ili tone lisikutane na mchanga, kata majani yote ya chini yasiguse ardhi, simamishia vijiti. Hii ya matandazo ingeandikwa kwenye ukuta wa kila duka la pembejeo, ila haiuziki.

Maana kinachouzika ni dawa. Kijana yuleyule kabla hajanikatia neti alishaniwekea kaunta pakiti ya mankozebu, dawa ya ukungu, na kopo jingine. Mankozebu siyo mbaya, ila ielewe, inakaa juu ya jani inazuia ukungu usiingie, jani lililokwishaoza hailirudishi, na mvua kubwa ikipiga inaiosha yote, kwa hiyo ukipulizia asubuhi na saa sita ikanyesha umepulizia mchanga. Halafu ina siku za kusubiri kabla ya kuvuna, zipo kwenye lebo, sasa mchicha ninaochuma kila baada ya siku mbili nisubiri nini, mboga za majani mimi sipulizii kabisa. Nikamwambia hivyo, akaniambia basi chukua salfa dada, hii hata ukungu wa korosho inatoa. Nilijua tu tutafika kwenye salfa. Salfa kazi yake ni ubwiriunga, ule unga mweupe wa kwenye maua ya mkorosho, tena unasumbua kiangazi mikorosho ikitoa maua, siyo ukungu wa mvua, na ukiipiga kwenye matango au maboga jua kali likatoka inaunguza majani. Mambo ya korosho tuyaache kwenye korosho. Naliendele iko hapo nje kidogo tu ya mji, kituo cha utafiti kinachojulikana nchi nzima kwa korosho, ufuta na karanga, na bado kaunta za mjini tunashauriwa namna hii.

Na la upepo, hili msilipuuze. Neti ikishashika upepo ni tanga la jahazi, inang'oa nguzo zake na kwenda nazo kwa jirani. Mwaka 2019 mwezi wa nne Kimbunga Kenneth kilipokuwa kinakuja tuliambiwa huku tujihadhari, kikaishia kuingia Cabo Delgado, Msumbiji, hapo ng'ambo ya mto Ruvuma, na Mei 2024 kikaja Hidaya, mvua yake Lindi na Mtwara kila mtu anaikumbuka, barabara ya kwenda Dar ikakatika kule Kilwa magari yakakwama. TMA, watu wa hali ya hewa, wakitoa tahadhari ya upepo mkali shusha neti, kunja, weka ndani, mboga zipigwe tu zitaota nyingine. Kwa sababu hiyo funga kwa vifundo vinavyofunguka. Mi upande mmoja nimeweka fundo la kuvuta, na faida yake nyingine siku za jua naifungua mchicha upate mwanga, naifunga wingu likianza kujikusanya kule baharini.

Kwa hiyo nani anunue? Mwenye mchicha, chainizi, saladi, figiri, mwenye kitalu cha miche ya aina yoyote, maana miche ndo inayoumia zaidi na ndo yenye hasara. Matembele usijisumbue kuyawekea neti, hayo mvua ndo sikukuu yao. Kisamvu nacho hakihitaji, kinachohitaji ni maji yasisimame kwenye mihogo isije ikaozea chini. Bamia ikishazidi goti inajitegemea. Nyanya mi nimeziacha kabisa kwa msimu huu, napanda mvua zikishakata, kwenye Mei hivi kibaridi kikianza, nimwagilie kwa ndoo, ndo miezi ambayo nyanya ya huku inapendeza na haina kesi nyingi.

Neti naipa nyota nne kati ya tano, imepungua moja kwa sababu ya kamba na nguzo na ushonaji ambao gharama yake inakaribia ya neti yenyewe na hakuna anayekwambia. Duka nyota mbili na nusu. Mbili ni kwa kukubali kukata kwa mita na kuniachia nikunjue rola nje juani bila kununa, na ile nusu ni ya maji yake ya kunywa niliyoyamwaga sakafuni kwake.